Mama Sévère Hakuitika Jina Lingine

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama siku zote. Nilimsikia nje akitikisa ndagala kwenye ungo, mchanga ukidondoka. Ndagala ni samaki wadogo wa ziwa letu, tunawaanika juani. Yeye alikuwa akiwauza soko la Mulongwe, mjini Uvira, tangu ujana wake.

"Baba Sévère, uji unapoa."

"Nakuja."

"Kuja kwako nakujua. Ulikuja vile vile siku ya ndoa."

Siku ya ndoa nilichelewa kwa sababu samaki walitoka wengi. Hakuwahi kuniachia hiyo.

Nikakaa. Uji ulikuwa umeungua kidogo chini.

"Umeungua," akasema mwenyewe.

"Kidogo."

"Basi kunywa. Ernestine wa sokoni anasema Bukavu imeanguka."

"Bukavu iko mbali."

"Iko mbali ya nani?"

Akajitwika beseni lake, mzee yule, shingo imenyooka kama ya msichana, akaenda sokoni. Mimi nikakaa na wavu wangu uliotoboka. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2025. Asubuhi kama hiyo hatukuipata tena.

Alizaliwa Lubarika, kule kwenye bonde la Ruzizi, kwa watu wanaosema Kirundi. Padri alimbatiza Pétronille. Baba yake alimwita Habonimana. Mwaka hakuujua. Alijua kwamba wakati huo Wabelgiji walilazimisha kila nyumba kulima pamba, na kwamba mama yake alijifungua wakati wa kuchuma. Mwangalizi wa pamba alikuja mlangoni kuuliza kwa nini kazi imesimama. Wakamwonyesha mtoto. Akasema mtoto si sababu.

Uhuru ulipofika alikuwa msichana wa kubeba mtungi mdogo. Watu walicheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye vyungu. Kesho yake wakarudi shambani. Ndivyo alivyoukumbuka uhuru.

Halafu ikaja vita ya Mulele, uasi uliofuata uhuru. Siku moja baba yake, Antoine, aliteremka kwenye barabara kubwa kutafuta chumvi. Risasi zikalia upande huo. Hakurudi. Mama yake akawachukua watoto wakapanda milimani mpaka Lemera, na Pétronille mgongoni alibeba mdogo wake. Walikaa kule wakila viazi vya watu. Kulipotulia wakarudi, Antoine hayupo. Wazee wakangoja kidogo, wakasema amekufa.

Sasa, kwao ni kama kwetu sisi wa ziwani. Mtu asiyeonekana mwili anazikwa kwa mgomba. Unakatwa mgomba wa kimo chake, unafungwa mkeka, unaliliwa, unashushwa kaburini. Asipozikwa hivyo, wazee wanasema, mtu huyo hafiki kule wanakofika wafu. Anazunguka njiani. Na waliobaki hawaoshi msiba, wanakaa nao nyumbani kama moshi. Basi Antoine akazikwa. Mjane akanyolewa. Mbuzi wakagawanywa, jembe likapata mwenyewe mwingine.

Antoine akarudi.

Alikuwa huko Bijombo, juu milimani. Alivunjika mguu akikimbia, wafugaji wakamficha na kumlisha maziwa mpaka mfupa ukashika, umepinda. Alifika nyumbani jioni akichechemea, watoto wakakimbia. Mama yake mzazi akamrushia majivu. Ndugu zake walimtazama kwa mbali, hakuna aliyetaka kula naye sahani moja. Baadaye walizoea. Lakini mpaka uzee wake, kwenye pombe walikuwa wakimwambia, "Marehemu, sogea kidogo, tukae."

Mke wangu alisimulia hayo akicheka, machozi yakimtoka. Kila mara alimalizia pale pale. Alisema baba yake hakuwagombeza. Alisimama kwenye kaburi lake, akauliza neno moja: "Hamukuweza kungoja?"

Hapo alikuwa hacheki tena.

Nilimkuta ufukweni Kilomoni. Alikuja na kikapu cha mihogo kutoka bondeni, anataka ndagala. Mimi Modeste nilikuwa kijana wa mitumbwi, naringa. Nikampimia. Akaingiza mkono, akanusa, akakamua ndagala moja kati ya vidole.

"Hizi ziko na maji."

"Zimetoka ziwani, dada. Ulitaka zitoke wapi?"

"Minye nimekuja kununua samaki. Ziwa lenyewe nitalibeba na nini?"

Wenzangu walinicheka mpaka jua likaegemea. Wiki iliyofuata niliziweka kavu kabisa, nikamngoja. Hakuja. Alikuja iliyofuata.

Tulioana wakati wa Zaire, majina ya Kizungu yamekatazwa. Kwenye kitambulisho akawa Habonimana peke yake. Padri alimwita Pétronille kwa sauti ndogo, akitazama mlango. Siku za sikukuu za chama tawala walimtoa sokoni kwenda kucheza na kuimba barabarani, kitenge kimoja na wanawake wote wa Uvira. Alicheza vizuri. Akirudi alisema miguu inauma na ndagala zimeoza.

Ndugu zangu walimsema kwanza. Mwanamke wa bondeni, atajua nini mambo ya ziwa? Akajua. Alijua kuanika, alijua kugeuza ndagala kabla hazijashika mchanga, alijua wingu gani lina mvua na gani linapita. Kiswahili chake kilibaki na Kirundi ndani yake mpaka mwisho, na sokoni walimwiga. Ernestine, mwenzake wa meza moja, ndiye aliyemwiga kuliko wote. Walipendana sana hao.

Watoto wawili wa kwanza hawakukaa. Wa tatu alikaa. Huyo ni Sévère. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mke wangu Pétronille wala Habonimana. Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza aliye hai. Akawa Mama Sévère, na mimi Baba Sévère. Baadaye wakaja Blandine na Ushindi.

Sévère alikuwa mrefu kwa umri wake, mwenye maneno mengi, si kama mimi. Alimwiga mama yake Kirundi chake mbele ya wageni. Mama yake alimrushia kandambili, ikawa inampita kila mara. Nadhani hakuwa akimlenga.

Sasa nieleze jambo moja la wavuvi wa kwetu. Watoto wa tumbo moja hawapandi mtumbwi mmoja. Ziwa likikasirika lichukue mmoja, lisichukue nyumba nzima. Baba yangu alinikalisha mimi huku na mdogo wangu kule, na baba yake alifanya vile vile. Hatuulizi. Mke wangu hakuipenda desturi hiyo. Alisema watoto wake si ndagala za kugawa mafungu. Lakini Sévère alipokuwa mkubwa akaanza kuvua, alikwenda na Claude, mtoto wa baba yangu mkubwa, na Ushindi alipotaka kugusa maji alikaa mtumbwini mwangu. Mambo yakaenda hivyo.

Mwaka 1996, mwezi wa kumi, vita ilishuka kutoka milimani na bondeni. Lemera ilishapigwa. Watu walipita mbele ya nyumba yetu na magodoro, na kuku, na wazee kwenye baiskeli. Barabara ya kusini ilijaa. Baba mkubwa wetu, mzee Bertrand, baba yake Claude, akasema sisi tuko na mitumbwi, tupite majini mpaka Mboko. Tukateremka alfajiri.

Mitumbwi ilikuwa miwili, wangu na wa Claude. Mzee Bertrand akaanza kupanga watu kama tunavyopanga siku zote. Blandine na Ushindi ni wadogo, wabaki na mama yao. Sévère aende na Claude na mke wa Claude, anajua kupiga kasia.

Mke wangu alikuwa amesimama majini mpaka magotini.

"Baba Sévère, leo hatuendi kuvua," akasema. "Leo tunakimbia. Muntu anakimbia na watoto wake."

Mzee Bertrand akamjibu mbele yangu. "Ziwa halijui kama unavua ao unakimbia, mama. Panda."

Risasi zilisikika upande wa Kavimvira. Hakukuwa na nafasi ya maneno. Sévère mwenyewe ndiye aliyemaliza.

"Mama, acha. Minye nitafika mbele yenu. Nitawapikia bugali, mukute tayari."

"Bugali yako nani atakula?" mama yake akasema. "Iko na mabonge."

Akamsukumia mtumbwi yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwa sababu Claude alikuwa ameshika kasia.

Tulikwenda tukionana. Jua lilipopanda, upepo wa kusini ukatoka, maji yakawa meusi. Tukapotezana. Mimi nilishika ukingo wa nchi kavu, nikafika Mboko na watu wangu wote wamelowa. Mtumbwi wa Claude haukufika. Tulingoja siku hiyo, na nyingine, na nyingine. Hakuna ubao ulioelea, hakuna nguo. Mtu mmoja alisema aliuona mtumbwi umesukumwa upande wa Burundi. Mwingine alisema askari waliukamata. Wa tatu alisema alisikia kwa mwingine kwamba vijana wengi walibebwa kwenda kupiga vita mpaka Kinshasa. Mke wangu aliwasikiliza wote. Wote aliwapa chakula.

Tulirudi Uvira. Nchi ikabadilishwa jina, ikawa Kongo tena. Mwaka ukapita. Ukoo ukakaa, ukasema Claude na mke wake wazikwe, msiba uoshwe. Mzee Bertrand akakata migomba miwili. Kisha akakata wa tatu, mfupi kidogo, wa kimo cha kijana, akauweka kando. Akaja nao kwetu.

"Mama Sévère, tumalize siku moja. Ndugu wazikwe pamoja."

Mke wangu alikuwa akimenya mihogo. Hakusimama.

"Huo mugomba ni wa nani, baba?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie jina."

Mzee hakutaja jina. Mtu akitajwa jina kwenye mgomba wake, imekwisha, ni mfu.

"Hata weye unaogopa kumutaja," akasema mke wangu. "Basi unafikiri anaweza kukusikia."

"Mwanangu, mutoto asiyezikwa anazunguka ufukweni. Hafiki. Unamutesa."

"Baba yangu walimuzika. Alirudi akakuta jembe lake mukononi mwa muntu. Minye nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Umeniuliza minye, ama unamuuliza yeye?"

Mzee Bertrand alichukua mgomba wake akaondoka. Walizikwa wawili. Wa tatu ulioza nyuma ya nyumba ya mzee, mbuzi wakaula.

Mimi nilitaka azikwe. Naandika hivyo bila kuficha, naye alijua. Nilikuwa nimechoka kutazama kila mtumbwi unaoingia. Lakini sikumlazimisha. Yeye ndiye aliyemzaa.

Watu walianza kumwita Mama Blandine. Walikuwa wakimhurumia, hawakutaka kumtonesha. Yeye akawa hageuki. Mteja anasimama mezani, "Mama Blandine, fungu bei gani?" Anapanga ndagala zake. "Mama Blandine!" Anafukuza nzi. Ernestine akawa anawaambia, "Huyo mama muliyemuita hauzi hapa. Hapa iko Mama Sévère tu, na minye." Hapo ndipo anainua kichwa na kutaja bei. Mwishoni soko lote likajifunza. Hata watoza ushuru.

Vita nyingine ikaja 1998, nyingine 2002, na katikati zile ndogo zisizo na mwaka. Tulikimbilia Kalundu, tulikimbilia Makobola, mara moja mpaka Baraka. Kila mara yeye ndiye wa kwanza kurudi. Moshi haujaisha mjini, anafunga kitenge. Ukimzuia, anasema mtoto akikuta mlango umefungwa atafikiri tumekufa.

Mwaka 2002 alirudi peke yake, akasimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha barabarani. Vijana, bunduki zimewazidi urefu. Mmoja akasikia Kirundi kwenye mdomo wake.

"Weye mama ni wa wapi?"

"Wa hapa."

"Kusema kwako si kwa hapa."

Siku zile jambo kama hilo liliua watu. Yeye akamwambia, "Niulize bei ya ndagala za jana na za leo. Halafu niulize mama yako ananidai fungu ngapi. Ni Ernestine wa Mulongwe, si ndiyo? Pua yako ni yake."

Haikuwa kweli. Ernestine hakuwa na mtoto wa kiume. Lakini vijana wenzake waliicheka pua yake, wakampitisha. Nilipofika nyumbani nilimkuta amefagia.

Blandine aliolewa, akazaa Belyse, kisha akafa kwa homa mtoto akiwa bado ananyonya. Huyo tulimzika kwa mwili wake. Mke wangu alimlilia kwa sauti, akamwosha, akamvalisha. Watu walisema sasa atakubali na kwa Sévère, mkono umeshazoea. Hakukubali. Belyse tulimlea sisi. Ushindi alikwenda Kalemie kutafuta maisha, anapiga simu.

Mwaka 2020 maji ya mto yalishuka na mawe usiku mmoja, yakachukua nyumba yetu na nyumba za wengi. Tulihamia juu, Kimanga. Hapo ndipo nilimwona ameogopa kweli, maana nyumba ambayo mtoto angeirudia haipo tena. Alishuka kila siku pale penye mawe. Alimwambia kila aliyeanza kujenga hapo: akija mwanaume mrefu, ananifanana mimi midomo, mwelekezeni Kimanga, kwa Mama Sévère. Mwanaume, alisema. Alikuwa amemkuza kichwani mwake, mwaka kwa mwaka.

Ndiyo hiyo asubuhi ya uji ulioungua. Mchana wake risasi zilianza mjini. Askari walikimbia kutoka kaskazini, magari yakijaa, wengine wakivua nguo za kazi njiani. Watu wakafuata. Wengine ziwani, wengine Kavimvira kwenda Burundi. Ernestine alipita na binti zake, akaita, "Mama Sévère, twende." Mke wangu akampa chumvi ya njiani, akamwambia nenda.

Belyse alikuwa na mimba kubwa.

"Koko," akamwita bibi yake, "simama."

"Muende na babu yako. Minye nabaki na nyumba."

"Basi nabaki nami."

"Weye uko na tumbo."

"Na weye uko na miaka. Tutabaki, tuone nani atamusaidia mwenzake kukimbia."

Nikakaa chini mimi pia, mlangoni. Nikavua viatu. Tulikaa hivyo watatu, risasi zinalia kule chini. Mke wangu alimtazama Belyse tumbo, muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoka na kitenge kimoja. Hakufunga mlango. Alimwachia jirani yetu Itangishaka, mzee kuliko mimi, ambaye hakuweza kutembea, maneno yale yale: akija mwanaume mrefu, mwambie Burundi.

Tulivuka kwenda Burundi tumeshikana mikono, Belyse katikati. Mvua ilinyesha. Lori likatupeleka Rugombo, kwenye uwanja wa mpira, watu kama mchanga. Tulilala chini ya nailoni. Kule kila mtu alisema lugha ya mama yake. Nilifikiri itamfurahisha. Wanawake wa pale walimuuliza kwao, akawajibu Kirundi kizuri cha zamani mpaka wakawaita watoto wao waje kukisikia. Aliniambia, "Hawa wanasema kama mama yangu. Watu wa kwetu wote wamekufa, na bado nawasikia wanasema."

Tumbo likaanza kumwendesha. Wakampa maji ya dawa, akayatapika. Hakuimaliza wiki.

Mtu mmoja wa pale, Onesphore, mkulima, alitupa nafasi pembeni ya shamba lake. Niliomba mashimo mawili. Akatazama mwili mmoja.

"La pili ni la nani?"

"La mtoto."

"Alikufa lini?"

"Sijui."

"Na mnamzika leo?"

"Leo."

Onesphore aliweka jembe chini. Alikwenda mwenyewe akakata mgomba. Aliniuliza kimo, nikasimama, nikainua mkono juu ya kichwa changu. Belyse aliuvingirisha kwenye kitenge kile kimoja cha koko yake, na mke wangu mwenyewe tukamfunika mkeka. Katekista aliyekuja kusali alisita, akasema hajui sala ya mgomba. Onesphore akamwambia asali tu, Mungu atajua pa kuipeleka. Akavua kofia, akasali.

Mimi ndiye niliyelitaja jina. Sévère, nilisema. Mara moja. Tukamshusha. Tukafukia, tukakanyaga udongo. Kisha ndipo tukamchukua mama yake.

Watu wa uwanjani waliniuliza kwa nini nilimwacha mke wangu juani, mzee wa watu, nikashughulikia mti kwanza. Ushindi aliniuliza pia, kwenye simu, akilia. Niliwajibu wote kwamba ndivyo alivyotaka. Aliniambia alfajiri ya siku yake ya mwisho, Belyse amelala, mkono wake uko kwenye mkono wangu, na sauti imebaki kidogo:

"Muzike Sévère kwanza, minye nifuate. Kama iko muzima huku, atanisamehe. Kama iko kule, nataka nimukute amefika."